Kusimama na Ndugu Wanaoteswa kwa Ajili ya Imani: Mwongozo kwa Jumuiya Ndogo

Jumapili ya tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka ndani ya kanisa la Kipentekoste huko Kasindi, mashariki mwa Kongo, watu wakiwa wamekusanyika kwa ibada ya ubatizo. Zaidi ya watu kumi walikufa, na wengi wakajeruhiwa. Kwetu sisi wa Kagera, Tanzania, Kasindi si mbali. Ukivuka Mutukula, ukapita Masaka na Mbarara mpaka Kasese, kisha ukateremka Mpondwe, umebakiza daraja tu.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliwataja katika maombi, nasi tukaitikia amina. Ibada ilipokwisha tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka. Mama mmoja wa kwaya, ameshika mkungu wa ndizi alioununua, akanisogelea: "Sasa katibu, sisi tufanye nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Mwongozo huu umetokana na swali lake. Tulianza watu 6, leo tuko 18. Yapo tuliyoyakosea, na nimeyaandika humu ili ninyi msiyarudie. Nimewalenga watu wa jumuiya ndogo: ushirika wa nyumba kwa nyumba, kwaya, umoja wa akina mama, vijana wa parokia. Hamhitaji ofisi wala mfadhili. Mnahitaji watu wachache wasiochoka upesi, na daftari moja gumu la kaunta. Kila mnachokisikia, mnachokiombea, mnachokituma na mnachojibiwa kiandikwe humo pamoja na tarehe. Mtaona umuhimu wake mbele.

Hatua ya 1: Chagueni sehemu moja, mkae nayo

Wakristo wanaoteswa wako kwingi: Korea Kaskazini, Eritrea, Nigeria, Somalia, Pakistani, na kwingineko. Sisi tulianza kwa kuwaombea wote. Kila Alhamisi tulisoma orodha ya nchi, na kufikia mwezi wa tatu maombi yalikuwa yamegeuka kuwa mahudhurio ya darasani: jina linatajwa, tunaitikia, tunaendelea. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeuliza wiki inayofuata habari zimefikia wapi. Tulipobaki na sehemu moja, watu walianza kuuliza.

Kwa hiyo chagueni sehemu moja kwa muda usiopungua mwaka. Angalieni mambo mawili: je, yuko mtu wa huko mnayeweza kumfikia kupitia kanisa? Je, mnaelewana lugha? Hapo sisi Waswahili tuna baraka ambayo wengi hawana. Beni, Butembo, Bunia, Komanda, Kasindi, kote huko watu wanahubiri, wanaimba na wanalia kwa Kiswahili. Chao kina ladha yake, utasikia "aksanti" na maneno mengine ya Kifaransa katikati, lakini mama wa Butembo akiomba kwa sauti huhitaji mkalimani. Mkristo wa Ulaya anayewaombea hawa anapata habari zao zikiwa zimeshatafsiriwa na kufupishwa. Wewe unaweza kumsikia mwenyewe akivuta pumzi kabla ya kutaja jina la mtoto wake.

Kwa walioko Kenya, huenda msilazimike kuvuka mpaka. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wauaji wakiwatenga wanafunzi Wakristo na Waislamu. Wazazi waliowazika watoto wale wako katika kaunti zenu, na wapo walionusurika ambao mpaka leo wanaishi na majeraha. Anzeni nao.

Hatua ya 2: Hakikisheni habari kabla ya kuisambaza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wema wanapofanya madhara makubwa bila kujua.

Upo ujumbe unaozunguka kwenye simu miaka nenda miaka rudi. Unasema wamisionari 22 huko Afghanistani wamehukumiwa kuuawa kesho mchana, waombeeni, mtumie kila mtu. Hauna tarehe, kwa hiyo "kesho" yake haiishi. Inaelekea chanzo chake ni tukio la kweli: Julai 2007 Wakorea Kusini 23 wa kanisa moja walitekwa Afghanistani na wapiganaji wa Taliban. Wawili waliuawa, na 21 waliosalia waliachiliwa kabla Agosti haijaisha. Ni jambo la kuhuzunisha na la kushukuru kwa pamoja, lakini lilikwisha 2007. Ujumbe ule ulipofika kwenye kundi letu, tulifunga siku nzima. Baada ya kujua ukweli, kijana mmoja alikataa kabisa kuombea habari yoyote inayotoka kwenye simu. Ndiyo hasara yenyewe: uongo mmoja unaua huruma kwa mambo kumi ya kweli.

Siku hizi habari ikitufikia, hatuipeleki popote mpaka mtu wetu mmoja ajibu maswali haya kwa maandishi: Ilitokea lini, kwa tarehe? Kijiji gani, wilaya gani? Nani wa kanisa la huko amethibitisha, askofu, paroko, mchungaji au mwinjilisti? Picha hii ni ya tukio hili kweli, au ni ya ajali ya lori ya nchi nyingine miaka mitano iliyopita? Asipopata majibu, tunaombea amani ya eneo lile kwa ujumla na tunanyamaza kuhusu hayo mengine. Picha za maiti hatuzisambazi hata zikiwa za kweli. Yule ni mtoto wa mtu, na mama yake ana simu.

Jambo la pili ni kujua nani anatesa nani, na kwa nini. Mashariki mwa Kongo kuna vita zaidi ya moja. Kundi la M23 lililouteka mji wa Goma Januari 2025 halipigani kwa sababu ya dini. ADF ni jambo jingine: kundi lililoanzia Uganda miaka ya 1990, likajikita upande wa Beni, likajiunga na Dola la Kiislamu, ambalo tangu 2019 limekuwa likitangaza mashambulizi yake. Ndilo lililohusishwa na bomu la Kasindi. Mkichanganya haya mawili mtaomba vibaya, mtaandika barua vibaya, na ndugu wa Kongo watajua kwamba hamkuwasikiliza.

Tena semeni ukweli wote. ADF imewaua Waislamu pia. Mei 2021 Sheikh Ali Amini wa Beni, aliyekuwa akiwakemea waziwazi wauaji hao, alipigwa risasi ndani ya msikiti wakati wa swala. Na kule Kenya, Desemba 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab walipolisimamisha basi la Mandera na kuwataka abiria wajitenge kwa dini, Waislamu waliokuwemo walikataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi na akafariki mwezi uliofuata. Maombi yetu yakigeuka kuwa ya kumchukia jirani mwenye kanzu, tumeacha kuwa upande wa walioteswa. Wakongo wenyewe wametuomba jambo hili kwa bidii kuliko tulivyotarajia, maana wanaishi na Waislamu nyumba kwa nyumba na wanazika pamoja.

Hatua ya 3: Ingieni kwa mlango wa kanisa

Msitafute watu Facebook. Nendeni kwa mchungaji au paroko wenu mkamwombe barua ya utambulisho, iende kupitia dayosisi au jimbo hadi kanisa la huko. Wakatoliki wana jimbo la Butembo-Beni na jimbo la Bunia. Waanglikana na Wapentekoste nao wana makanisa yao sehemu hizo. Inachukua muda. Barua yetu ilikaa zaidi ya miezi miwili kabla ya kujibiwa, na jibu lilikuja kwa mchungaji wetu, si kwetu, ndivyo inavyopaswa.

Mkishaunganishwa, msianze kwa kutoa. Anzeni na maswali mawili. La kwanza: mnataka tuwaombee nini? La pili, ambalo wengi hulisahau: ni nini ambacho hamtaki kitangazwe? Majibu ya swali la pili yaandikwe ukurasa wa mbele kabisa wa daftari, kwa wino mwekundu. Sisi tuliombwa tusitaje jina la kijiji wala njia ambayo watu hupita kwenda mashambani. Tukio likishatangazwa na kanisa lao lenyewe, tunalitaja. Kabla ya hapo, hapana.

Hili lina uzito zaidi kwa waumini walioacha dini ya wazazi wao wakamfuata Kristo, hasa huko Somalia na kaskazini-mashariki mwa Kenya. Kwao hatari inaweza kutoka kwa kaka au mjomba kabla haijatoka kwa mtu mwenye bunduki. Picha yake akibatizwa, ikiwekwa mtandaoni na mtu aliyefurahi mno, inaweza kumtoa roho. Kama mnamjua mtu wa namna hiyo, hata ndani ya jumuiya yenu jina lake lisitajwe kwa sauti. Mungu anamjua.

Hatua ya 4: Ombeni kwa utaratibu

Waebrania 13:3 inatutaka tuwakumbuke waliofungwa kana kwamba tumefungwa pamoja nao. Neno la kushika hapo ni "pamoja". Kuomba juu ya mtu kwa mbali ni rahisi, kuomba pamoja naye kunataka ujue siku yake inakwendaje.

Sisi tulimwuliza mwinjilisti mmoja wa upande wa Beni atueleze wiki yake. Akasema Jumatatu na Jumanne ndizo siku ngumu, kwa sababu watu hurudi mashambani, na shambani ndiko wanakokutwa. Tangu hapo Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, tunawaombea wanaochukua jembe. Sala haizidi dakika kumi. Alhamisi jioni tunakutana. Mmoja anasoma daftari: tuliomba nini wiki iliyopita, tumesikia nini. Halafu tunaomba yale waliyoyaomba wao, kwa maneno yao.

Na maneno yao yatawashangaza. Tulidhani wataomba vita viishe, na hilo wameliomba. Lakini orodha ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa na mambo haya: vijana wasiingie porini kulipiza kisasi, wajane wapate usingizi, mzee mmoja aliyeacha kuzungumza tangu mwanawe alipochukuliwa afungue kinywa, mahindi yakomae kabla watu hawajakimbia tena. Ombeni hivyohivyo. Msiyapambe.

Kwa kalenda, zipo siku ambazo kanisa limekwisha kuziweka. Tangu 1996 makanisa ya kiinjili duniani huwa na siku ya kuliombea kanisa linaloteswa, Jumapili ya kwanza au ya pili ya Novemba. Kwetu huku tarehe 3 Juni ina uzito wake, kwa kuwa Namugongo ni jirani. Mashahidi wa Uganda, 22 Wakatoliki na 23 Waanglikana, waliuawa kati ya 1885 na 1887, wengi wao wakichomwa moto siku hiyo ya 1886. Kila mwaka watu wa hapa wanakwenda huko, wengine kwa miguu. Tumewaomba mahujaji wetu wabebe majina kutoka kwenye daftari na kuyaombea njiani.

Hatua ya 5: Andikeni barua, tumeni sauti

Barua inafanya kazi mbili. Inamwambia mteswaji kwamba hajasahauliwa, na mara nyingine inamwambia anayemshikilia kwamba huyu mtu ana wenyewe. Helen Berhane, mwimbaji wa injili wa Eritrea, alikamatwa 2004. Serikali ya nchi ile tangu 2002 inayatambua madhehebu matatu tu ya Kikristo, Waorthodoksi, Wakatoliki na Walutheri, pamoja na Waislamu wa Sunni, na yeye alikuwa nje ya hayo. Alifungiwa ndani ya kontena la chuma huko Mai Serwa, kontena lile lile linalobebea mizigo bandarini, ambalo mchana ni tanuri na usiku ni barafu. Watu wa nchi mbalimbali walimwandikia na kuiandikia serikali kwa ajili yake. Aliachiliwa mwishoni mwa 2006.

Kwa mfungwa, barua iwe fupi. Msiitukane serikali yake wala dini ya wanaomshikilia, maana barua itasomwa na askari kabla yake. Msitaje fedha. Msitaje shirika. Tieni saini kwa jina la kwanza tu. Mchoro wa mtoto unafaa kuliko kurasa tatu za mahubiri. Na msimwambie "Mungu ana makusudi". Huenda ni kweli, lakini asemayo hayo na awe yule aliye ndani ya kontena.

Kwa kanisa la Kongo, sisi tunatuma sauti. Hii hapa moja, ya mama yule wa mkungu wa ndizi, aliyoirekodi jikoni kwake na ambayo amenipa ruhusa kuiandika:

"Bwana asifiwe, mama zangu. Mimi ni mama Kokushubira, niko Kagera, Tanzania. Leo mvua imenyesha kwetu, nimepanda maharage. Nilipokuwa nachimba nikawakumbuka ninyi msioweza kwenda shamba. Nimeomba kwa kila shimo. Sina mengi. Sasa nawaimbia ubeti mmoja, halafu nanyi mtuimbie wenu."

Sekunde arobaini na tano hivi. Baada ya wiki mbili ukaja wimbo kutoka kule, sauti za wanawake wengi, na nyuma yake jogoo akiwika. Tuliusikiliza Alhamisi ile mara nne. Mama Kokushubira hakusema neno, alikuwa anafuta macho kwa pindo la kitenge.

Angalizo moja kabla ya kutuma: zimeni huduma ya eneo kwenye simu, na muulizeni mpokeaji kama kumiliki sauti au barua kutoka nje kunaweza kumletea shida. Wakati mwingine jibu ni ndiyo. Basi mnaacha.

Hatua ya 6: Fedha ziende kwa njia nyeupe

Sisi 18 tunatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kila mmoja. Hiyo ni 36,000 kwa mwezi, 432,000 kwa mwaka. Kila robo mwaka usharika unatupa mnada mmoja: mkungu, kuku, debe la maharage, vinanadiwa nje ya kanisa na kinachopatikana kinaingia kwenye mfuko huu. Si fedha nyingi. Lakini zinakwenda kwa wakati, na mpokeaji ametuambia kwamba kujua zitafika mwezi gani kunamsaidia kupanga kuliko fedha nyingi za mara moja zinazokuja baada ya msiba kutangazwa.

Fedha zikae kwenye akaunti ya usharika, kwa kifungu chake, zikiwa na watia saini wawili. Mtunza hazina asome hesabu hadharani kila robo. Zitumwe kutoka kanisa kwenda kanisa kupitia benki, na risiti igundishwe kwenye daftari. Msimtumie mtu binafsi kwa simu hata akiwa na hadithi ya kuliza namna gani. Kwetu alitokea mmoja aliyejiita mchungaji aliyekimbia vita, akapata shilingi 150,000 za watu wetu wawili kabla hatujamuuliza jina la askofu wake. Namba ile haijapatikana tena. Na ikija habari ya mtu aliyetekwa na wanaotaka kikombozi, hapo msiingie kabisa. Wapelekeni kwa uongozi wa kanisa lao na vyombo vinavyohusika. Fedha ya kikombozi ikipita mikononi mwa watu wasioelewa inaweza kumfanya mwingine atekwe kesho.

Fedha zifanye nini? Waulizeni wao. Sisi tulifikiri Biblia. Wakatuambia Biblia wanazo, ziliokolewa. Walitaka sare na madaftari ya shule kwa yatima, mabati, mbegu za maharage yanayokomaa upesi, na nauli ya mama mmoja aliyesomea ushauri nasaha ili aweze kuwazungukia wajane.

Hatua ya 7: Wapokeeni waliokwisha kufika

Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu, Kigoma, na tangu 1996 imewahifadhi Wakongo. Kakuma iko Turkana. Nairobi kuna Waeritrea na Wasudani. Yaani kanisa linaloteswa limekwisha kuja mpaka kwetu, linapanga foleni ya maji. Kuingia kambini Tanzania kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa hiyo pitieni dayosisi au shirika la kanisa ambalo tayari linafanya kazi humo. Msijiendee tu na lori la nguo.

Hapa nieleze kosa letu kubwa. Mama mmoja kutoka upande wa Beni alifika mtaani kwetu, kwa jamaa zake waliooana na watu wa hapa. Tulifurahi mno. Jumapili yake ya pili tulimwita mbele atoe ushuhuda. Hatukumuuliza mapema kama anataka. Tulimpa kipaza sauti. Akasimama. Akasema habari za safari, basi lilivyoharibika njiani. Kisha akasema alikuwa amebandika sufuria ya maharage, na walipokimbia moto ulikuwa bado unawaka chini yake. Akarudia: "Moto ulikuwa unawaka." Hapo akanyamaza, kipaza sauti mkononi, na kanisa zima likamtazama. Mwalimu wa kwaya akaanzisha wimbo, naye akarudi kukaa.

Wiki tatu hakuja ibadani. Tulipokwenda kumwomba radhi, alitupokea vizuri, akatuwekea viti, na akasema jambo ambalo limo kwenye daftari letu: "Mngeniita nimenye ndizi na wenzangu." Siku ile ya ushuhuda wanawake walikuwa wamepika nyuma ya kanisa, na yeye alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la wageni.

Basi fanyeni hivyo. Mwiteni amenye ndizi. Msaidieni kupata dawa, shule ya watoto, na mtu wa kumweleza taratibu za makaratasi ya ukimbizi. Msimpige picha. Msimuulize alichokiona. Akitaka kusema, atasema jikoni, si madhabahuni, na kazi yenu itakuwa kunyamaza na kuendelea kumenya.

Hatua ya 8: Wasemeeni kwa wenye mamlaka

Hii ni fupi lakini msiiruke. Haki ya kuamini, kubadili imani na kuabudu imo katika ibara ya 18 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, na ibara ya 8 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu inalinda uhuru wa dhamiri na dini. Barua ya ukurasa mmoja, yenye adabu, inayotaja ibara hizo, tukio moja lenye tarehe na ombi moja lililo wazi, inaweza kupelekwa kwa mbunge wenu au ubalozi wa nchi husika kupitia uongozi wa kanisa. Iandikwe tu baada ya ndugu wa kule kukubali. Msitegemee jibu la haraka. Asia Bibi, mama Mkristo wa Pakistani aliyehukumiwa kifo 2010 kwa madai ya kukufuru, aliachiwa huru na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo 2018. Waliomwandikia mwaka wa kwanza waliendelea kuandika mwaka wa saba.

Mdai haki hiyo hiyo kwa kila mtu. Mwislamu, au mtu wa dini nyingine yoyote, akionewa mtaani kwenu kwa imani yake, jumuiya yenu iwe ya kwanza kwenda kwa mtendaji.

Hatua ya 9: Msiba ukitokea tena

Utatokea. Usiku wa kuamkia Jumapili ya 27 Julai 2025, wauaji waliingia kanisa Katoliki la Komanda, Ituri, ambako waumini walikuwa wamekusanyika kwa sala. Zaidi ya watu 40 waliuawa, wakiwemo watoto.

Safari hii tulikuwa na la kufanya. Mchungaji wetu alimpigia mwenzake wa kule mchana ule ule. Wale tunaowaombea hawakuwa Komanda, lakini walikuwa na ndugu huko. Tulingoja majina yathibitishwe, hatukusambaza picha hata moja. Mtunza hazina alitoa fedha za robo ile mapema, kwa maandishi, kwa ajili ya mazishi na hospitali. Mama Kokushubira alirekodi sauti. Jumapili iliyofuata, badala ya kutaja "ndugu zetu wa Kongo" kwa mkupuo, tuliwasomea watu majina tuliyoruhusiwa kuyasoma, moja baada ya jingine, na baada ya kila jina tulinyamaza kwa muda wa pumzi moja. Ilichukua dakika nyingi. Watoto waliacha kuchezacheza.

Pangeni haya kabla. Andikeni leo kwenye daftari: nani atapiga simu, nani atahakiki, nani watatia saini ili fedha zitoke, nani atasoma majina, nani atakaa na mama wa Beni siku hiyo ili asiyasikie peke yake. Na chini kabisa ya ukurasa andikeni jina la kijana atakayelishika daftari hili katibu akihama au akifa. Letu limefika ukurasa wa 61, na kijana wetu ni yule aliyekuwa amekataa kuombea habari za kwenye simu. Sasa ndiye mhakiki.